Kutoka Dharmaj hadi London, kwa njia ya Tanganyika

Mwezi huu twende safari ndefu. Tutaanzia katika kijiji kimoja cha India. Tutapita hapa kwetu. Halafu tutafika London, mji mkuu wa Uingereza. Lakini hatutakwenda kutazama jumba la mfalme, wala ile saa kubwa ya mnarani. Mambo hayo yameandikwa mara nyingi. Sisi tutakwenda katika mtaa wa Willesden, wanakokaa watu wa kazi. Tutamfuata mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na mwili mdogo sana. Urefu wake haukufika futi tano. Jina lake ni Jayaben Desai.

Kwanza tulieleze jina hilo. Kwa Kigujarati, "ben" maana yake ni dada. Mwanamke anayeitwa Jaya huitwa na watu Jayaben, yaani Dada Jaya. Mwanamume huongezewa "bhai", yaani kaka. Hata tajiri na karani wake huitana hivyo. Kuitana kaka na dada ni jambo zuri, ingawa hakujamzuia tajiri yeyote kumpunja karani.

Dada Jaya alizaliwa tarehe 2 Aprili, 1933, katika kijiji cha Dharmaj. Kijiji hicho kiko katika jimbo la Gujarat, upande wa magharibi wa India, katika nchi iitwayo Charotar. Charotar ni tambarare yenye rutuba. Wakulima wake hulima tumbaku na ndizi. Msomaji wa Urambo au wa Bukoba akifika huko ataona mazao anayoyajua.

Sasa utauliza: kama ardhi ni nzuri, kwa nini watu waihame? Sababu ni hesabu tu. Baba ana shamba moja na wana wanne. Akifa, shamba hugawanywa mafungu manne. Wajukuu wakikua, kila fungu hugawanywa tena. Mwisho kila mtu ana kipande ambacho jembe likigeuka mara mbili limekwisha mpaka. Basi vijana walikwenda kutafuta maisha ng'ambo. Leo watu wa Dharmaj wako Afrika, Uingereza, Marekani na kwingineko. Kila mwaka, tarehe 12 Januari, kijiji hufanya sikukuu yake, na wengi walio ng'ambo hurudi nyumbani siku hiyo. Ukipita barabarani utashangaa kuona matawi mengi ya benki katika kijiji. Fedha za ng'ambo ndizo zilizoyaleta.

Njia yao ya kuja kwetu ilikuwa bahari. Zamani walikuja kwa majahazi wakati wa upepo wa kaskazi, na walirudi kwao kwa kusi. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, wengi walipanda meli za moshi kutoka Bombay. Wazee wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam bado wanayakumbuka majina ya meli mbili, Karanja na Kampala. Abiria wa daraja la chini walilala na masanduku yao, makopo ya achari na watoto wao.

Jayaben alikuja Tanganyika kwa ajili ya ndoa. Mume wake, Suryakant Desai, alikuwa meneja katika kazi ya matairi. Maisha yao hapa yalikuwa ya nafasi. Tuseme kweli, maana wapo wasomaji wanaoyakumbuka mambo hayo. Wakati wa ukoloni Wazungu walikaa juu, Wahindi katikati, na Waafrika chini. Katika nyumba nyingi za Wahindi wenye kazi nzuri, aliyefua na kufagia alikuwa mtumishi wa Kiafrika, mtu mzima mwenye watoto wake, naye akiitwa boi. Neno hilo lifikirie kidogo. Tutalikumbuka tukifika London.

Lakini watu wakikaa pamoja, hata kama hawalingani, hupeana vitu. Sisi tulipata kwao chapati, bajia, achari na kachumbari. Tulipata na maneno ya fedha: laki, bima na hundi. Nao walichukua ya kwetu. Wahindi wa Afrika ya Mashariki, wakisema Kigujarati chao, husema sufuria, husema fagio, husema kisu. Njugu wanaziita jugu. Muhogo wanauita mogo. Mtu aliyekuja moja kwa moja kutoka India akiwasikia hujua mara moja kwamba hawa wamepita kwetu.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Kila Mhindi aliyekuwa hapa ilimbidi achague. Wapo waliochukua uraia wa nchi hii na kuijenga. Ndugu Amir Jamal, aliyezaliwa Mwanza mwaka 1922, alikuwa Waziri wa Fedha wetu kwa miaka mingi. Wengine walibaki na pasi za Kiingereza walizopewa wakati wa ukoloni. Hawa walijiona hawana mizizi ya kutosha hapa, wala huko India walikotoka. Halafu serikali ya Uingereza ilianza kuufunga mlango. Mwezi wa Machi 1968 sheria mpya ilianza kutumika. Ilisema kwamba pasi ya Kiingereza peke yake haimtoshi mtu wa Afrika ya Mashariki kuingia Uingereza. Lazima yeye, au mzazi, au babu yake awe na asili ya huko. Watu wengi walikimbilia ndege kabla mlango haujafungwa. Katika miaka hiyo ya mwisho ya 1960, Jayaben, mume wake na watoto wao walihamia London.

Nyumba zenye baridi

Mtaa wa Willesden uko kaskazini magharibi ya London. Nyumba zake zimejengwa kwa matofali na zimeshikana bega kwa bega, mstari mmoja mrefu. Mlango wako na mlango wa jirani hutenganishwa na ukuta tu. Hata hivyo mtu anaweza kukaa mwaka mzima asijue jina la jirani yake. Kwa mama aliyezoea kibaraza na wageni wanaoingia bila kubisha, hiyo ni baridi ya kwanza.

Baridi ya pili ni ya hewa. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Zamani hizo familia nyingi za wageni zilikodi chumba kimoja au viwili. Walijipasha moto kwa majiko ya mafuta ya taa. Gesi ya kupikia ililipwa kwa kutia sarafu katika mita. Sarafu ikiisha nguvu, moto unazimika na dengu bado mbichi. Sari ni nguo ndefu ya kitambaa chepesi, nayo haikufumwa kwa ajili ya theluji. Akina mama walivaa soksi nzito ndani ya viatu, fulana ya sufu ndani ya blauzi, na koti kubwa juu ya vyote. Chini ya koti pindo la sari lilining'inia, likiloa maji ya barabarani.

Na kazi je? Vyeti vya shule vya India na vya Afrika vilitazamwa na kurudishwa. Mameneja wakawa vibarua. Wake zao, ambao hapo awali hawakufanya kazi ya mshahara, walitoka kwenda viwandani, maana mshahara mmoja haukutosha kodi na chakula. Jayaben alianza kama mshonaji wa cherehani. Baadaye alipata kazi katika kiwanda cha kusafisha picha kilichoitwa Grunwick.

Hapa lazima nikueleze kazi yenyewe. Siku hizi mtu anapiga picha kwa simu na kuiona papo hapo. Zamani kamera ilitumia filamu, yaani utepe uliozungushwa ndani ya kikopo kidogo. Filamu ilisafishwa gizani kwa dawa, kisha picha zikachapwa katika karatasi. Kiwanda cha Grunwick kilifanya biashara hiyo kwa posta. Mtu aliyekuwa likizoni alitia filamu yake katika bahasha pamoja na hundi, akaipeleka posta. Kiwandani akina mama walifungua bahasha, wakatoa hundi, wakaandika namba, wakapeleka filamu kusafishwa. Picha zikiwa tayari, walizitia katika bahasha nyingine na kuzirudisha posta. Wakati wa joto Waingereza wote huenda likizo. Wakati huo mafurushi ya bahasha yalikuwa marefu kama vichuguu.

Malipo yalikuwa kama pauni 28 kwa wiki ya saa 40. Wakati huo wastani wa mshahara katika nchi ile ulikuwa pauni 72 kwa wiki. Mwanamke wa kazi za mikono katika London alipata wastani wa pauni 44. Yaani kila mara mfanyakazi wa kawaida alipopata pauni 10, akina mama hawa hawakufikisha pauni 4. Ndiyo maana ukiingia katika chumba cha bahasha uliona sari tupu. Wengi wao walikuwa wametoka Kenya, Uganda na Tanzania. Waliotoka Uganda walifika mikono mitupu, maana mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 tu za kuondoka.

Lakini wenyewe walieleza baadaye kwamba fedha haikuwa ndiyo iliyowachoma zaidi. Mkubwa wa kazi alikaa katika chumba cha vioo na kuwatazama kutwa. Mtu mzima, mama wa watoto, ilimbidi aombe ruhusa kwenda chooni. Akina mama wengi waliona haya. Jayaben aliwauliza: kwa nini mwone haya ninyi, na yeye anayewalazimisha kuomba haoni? Tena kulikuwa na saa za ziada za lazima. Mama alikuwa ameshavaa koti, anafikiria mtoto aliyeko nyumbani na chapati zisizopikwa, halafu anaambiwa: rudi, kazi bado.

Sasa lile neno "boi", msomaji, unaliona lilikofika. Jayaben alikuwa mke wa meneja. Sasa alijua jinsi mtu mzima anavyojisikia akifanywa mtoto.

Ijumaa ya tarehe 20 Agosti

Mwaka 1976 Uingereza ilipata joto ambalo watu wake hawajalisahau. Mwezi wa Juni na Julai, kwa siku 15 mfululizo, joto lilifika digrii 32 za sentigredi. Sisi tungesema ni joto la kawaida la Dar es Salaam. Lakini kiwanda cha Waingereza hujengwa ili kizuie baridi, si joto. Mvua haikunyesha, majani yakakauka, na ndani ya kiwanda hewa ilikuwa nzito.

Ijumaa tarehe 20 Agosti, kijana mmoja alifukuzwa kwa sababu alifanya kazi polepole. Wenzake watatu wakatoka pamoja naye. Jioni ile ile Jayaben alikuwa anajitayarisha kwenda nyumbani. Meneja akamwita, akamgombeza kwa kufunga vitu vyake wakati kazi ipo. Jayaben akajibu kwamba hataki tena kufanya kazi pale, na akadai kadi zake. Kabla ya kutoka alimwambia meneja maneno ambayo Waingereza wanayakumbuka mpaka leo. Alisema kwamba mahali pale si kiwanda, ni bustani ya wanyama. Katika bustani hiyo wako nyani wanaocheza wakiamriwa, na wako simba wanaoweza kukikata kichwa cha mtu kwa meno. Sisi, alisema, ndio simba hao.

Mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi humo humo, akatoka naye.

Hawakuwa na chama cha wafanyakazi. Hata hawakujua chama kinaingiwaje. Waliuliza ofisini, wakaelekezwa, wakajiandikisha katika chama kilichoitwa APEX. Wiki iliyofuata walisimama langoni wakiwa na karatasi ya kutia sahihi. Watu wakatoka, mmoja mmoja, kisha makundi. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi karibu 500. Waliotoka walifika 137, na wengi walikuwa wanawake. Mwanzoni mwa Septemba wote 137 walifukuzwa kazi.

Lazima tuseme pia upande wa pili. Mwenye kiwanda, George Ward, ambaye mwenyewe alizaliwa India, alisema kwamba ni haki yake kukataa chama. Alisema pia kwamba waliobaki ndani, na baadhi yao walikuwa Wahindi vile vile, wameridhika. Ni kweli kwamba wengi walibaki ndani. Mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto wa shule hatoki ovyo. Na ni kweli kwamba mgomo ulipoendelea, mishahara ya waliobaki ilipandishwa.

Mgomo ule ulidumu karibu miaka miwili. Fikiria miaka miwili ya kusimama langoni. Asubuhi na mapema, giza bado, koti juu ya sari, mkononi mkoba mdogo. Wakati wa theluji, theluji. Wakati wa mvua, mvua.

Nyumbani nako kulikuwa na mgomo wa aina nyingine. Waume, wakwe na majirani waliuliza: mke wa watu, binti wa watu, anafanya nini barabarani mbele ya polisi? Baadhi ya wasichana walikatazwa kutoka. Suryakant alimuunga mkono mke wake. Kwa mwanamume wa wakati ule, katika jamii ile, hilo halikuwa jambo jepesi, na sisi tunaona anastahili kutajwa.

Safari za akina mama wenye sari

Ndipo Jayaben alipoanza kuiona Uingereza. Kabla ya hapo alijua njia ya kutoka nyumbani hadi kiwandani na ya kutoka kiwandani hadi dukani. Sasa yeye na wenzake walizunguka nchi nzima kuomba msaada. Walikwenda kwenye viwanda vya Glasgow, kaskazini katika Scotland. Walikwenda kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Wales. Walisimama mbele ya mamia ya wanaume wenye vumbi la makaa usoni, wakasema kwa Kiingereza cha kujifunza ukubwani. Jayaben hakuhitaji kipaza sauti. Wachimbaji wale walikuwa hawajawahi kumsikiliza mwanamke wa Kihindi akihutubia. Wengine hawakuwa wamemsikiliza mwanamke yeyote.

Nao walikuja. Mwezi wa Juni na Julai 1977, mabasi ya wachimba migodi, makarani, walimu na wanafunzi yalifika Willesden. Tarehe 11 Julai watu wapatao 20,000 walijaa katika vichochoro vile vya nyumba zilizoshikana. Polisi nao walikuwa wengi. Kulikuwa na ngumi na kuvutana nywele. Polisi mmoja aliumizwa vibaya kichwani kwa chupa. Katika mgomo wote watu zaidi ya 500 walikamatwa. Uingereza haikuwa imeona idadi kama hiyo tangu mgomo mkubwa wa mwaka 1926.

Lakini silaha kali haikuwa umati. Ilikuwa posta. Kumbuka kwamba kiwanda kile kilikula kwa njia ya bahasha. Wafanyakazi wa posta ya Cricklewood, jirani na Willesden, walikataa kuzigusa bahasha za Grunwick. Hapo mwenye kiwanda alishikwa kooni. Basi usiku mmoja wa Julai 1977 watu waliomuunga mkono walikuja na magari. Waliyachukua magunia ya bahasha kwa siri, wakayasambaza nchi nzima, wakazitia bahasha katika masanduku ya posta ya miji mbalimbali. Kwa ujanja huo kiwanda kilipumua. Nao watu wa posta, waliotishwa kwa sheria na kusimamishwa kazi, wakarudi kazini.

Serikali ilimteua Jaji Scarman achunguze. Mwezi wa Agosti 1977 alitoa taarifa. Aliwalaumu watu wa umati na watu wa posta. Lakini alisema pia kwamba kampuni iwarudishe kazini waliofukuzwa, na kwamba chama kinaweza kuwasaidia wafanyakazi na kampuni yenyewe. Kampuni ilikataa. Jambo likapelekwa katika mahakama ya juu kabisa ya nchi ile. Ilikuwepo idara ya usuluhishi iliyowauliza wafanyakazi kama wanataka chama. Mwenye kiwanda hakuipa idara hiyo majina ya watu walio ndani, kwa hiyo iliwauliza walio nje tu. Mwezi wa Desemba 1977 majaji waliamua kwamba taarifa ya idara haifai, kwa sababu walio ndani hawakuulizwa. Soma sentensi hizo mara mbili, msomaji. Sisi tulizisoma mara tatu.

Viongozi wakubwa wa vyama vya wafanyakazi walianza kuchoka. Jayaben alisema kwamba msaada wao ni kama asali iliyopakwa kwenye kiwiko cha mkono: unaiona, unainusa, lakini ulimi haufiki. Jaribu sasa hivi kulamba kiwiko chako. Mwezi wa Novemba 1977 yeye na wenzake wachache walikaa mbele ya makao makuu ya vyama hivyo, wakagoma kula. Chama chao wenyewe kikawasimamisha uanachama.

Tarehe 14 Julai, 1978, mgomo ulikwisha. Hakuna aliyerudishwa kazini.

Willesden ya leo

Jayaben alirudi kwenye cherehani. Baadaye alifundisha ushonaji katika chuo cha Harrow, upande ule ule wa London. Alipofika miaka 60 alijifunza kuendesha gari, akafaulu mtihani, akaanza kuwahimiza akina mama wengine wajifunze. Mwanamke mwenye gari, katika mji wa mvua kama ule, hahitaji kumngoja mume amalize kazi ili aende hospitali au hekaluni. Alifariki tarehe 23 Desemba, 2010, akiwa na miaka 77. Mwaka 2016 kipindi cha wanawake cha redio ya BBC kilichagua wanawake saba waliobadilisha zaidi maisha ya wanawake katika miaka 70. Waziri Mkuu wa zamani, Margaret Thatcher, alikuwa mmoja wao. Jayaben Desai alikuwa mwingine.

Ukienda leo, shuka katika stesheni ya Dollis Hill. Treni yake huitwa ya chini ya ardhi, lakini hapa hupita juu, kwenye mwanga. Barabara iliyo ubavuni mwa stesheni ni Chapter Road. Lango la kiwanda lilikuwa hapo. Kiwanda chenyewe hakipo tena mahali hapo. Mwaka 2017 watu wa mtaa walizindua michoro mikubwa ya rangi ukutani kuwakumbuka wagomaji.

Si mbali na hapo, upande wa Neasden, utaona kitu usichokitazamia kati ya nyumba za matofali: hekalu kubwa la Kihindu, jeupe kama chumvi. Lilifunguliwa mwaka 1995. Mawe yake yalichimbwa Bulgaria na Italia, yakapelekwa India kwa meli, yakachongwa huko na mafundi, yakarudishwa London yakiwa vipande 26,300 vyenye namba. Kazi ya kuvipanga ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Kati ya wanaosali humo wako wengi ambao wazazi wao walizaliwa Kampala, Nairobi, Kisumu au Dar es Salaam.

Kisha panda basi mpaka Wembley, penye uwanja maarufu wa mpira. Tembea katika barabara iitwayo Ealing Road. Huko wanauza sari, bangili za dhahabu, mabamia, bilinganya na maembe. Siku ya Jumamosi akina mama husimama mbele ya masanduku ya mboga na kubishana bei kama wako Kariakoo. Ukiona njaa, ingia katika mkahawa wowote wa Kigujarati ulizie mogo. Watakuletea vipande vya muhogo vilivyokaangwa, vimepakwa pilipili na kukamuliwa ndimu. Vijana wa London walio na asili nyingine nao huvinunua, na wengi hudhani kwamba mogo ni chakula cha India.